Kima aliyefia kwenye mahindi: namna mtu wa kawaida wa Nyanda za Juu Kusini anavyoweza kuwasaidia wanyama wanaotoweka

Mwaka 2005 mkulima mmoja wa mitelemko ya Mlima Rungwe alikwenda kukagua mtego alioutega kwenye mahindi yake, akamkuta kima dume ambaye bado hajakomaa, amekufa. Mkulima yule alikuwa analinda chakula cha watoto wake. Hakuwa na namna ya kujua kwamba mwili ule ungepimwa na wanasayansi, na kwamba mwaka uliofuata ungewafanya wampe kima huyo, anayeitwa kipunji, jenasi yake peke yake (yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu), Rungwecebus. Zaidi ya miaka 80 ilikuwa imepita tangu Afrika itoe jenasi mpya ya kima.

Wanyakyusa walikuwa na jina lake siku zote. Watafiti walikuwa wakiwasikia wawindaji wakimtaja kipunji, wakadhani huenda ni mnyama wa masimulizi, mpaka walipomwona kwa macho yao mwaka 2003 huku Rungwe. Mwaka 2004 kundi jingine la watafiti, bila kujua habari za wenzao, likamkuta kwenye msitu wa Ndundulu upande wa Udzungwa. Walipohesabu, matokeo yaliyotoka 2008 yalionyesha kipunji 1,117 hivi. Si Rungwe tu, ni duniani kote. Shule moja kubwa ya sekondari pale Mbeya mjini inaweza kuwa na wanafunzi wengi kuliko hao.

Mimi nimekulia pembeni mwa msitu ule. Nilipokuwa mdogo nilitumwa kupiga debe shambani kufukuza kima, na sikuwahi kuuliza ni kima gani. Siku hizi nikilizungumzia jambo hili, swali ninalorudishiwa ni lilelile: "Sasa mimi nifanye nini? Sina gari, sina digrii, na hela yenyewe ya kuunga na kuunga." Haya ninayoyaandika ndiyo ninayoyafanya mwenyewe, pamoja na niliyoyakosea kwanza. Huruma ninaiheshimu, lakini mnyama haioni huruma yetu mpaka ifike mahali anapoishi na kwa mtu anayeishi naye.

Hatua ya 1: Chagua mnyama mmoja na mahali pamoja

Ukisema unawapenda wanyama wote, kesho asubuhi hutajua uanzie wapi. Chagua mmoja anayeishi umbali ambao nauli yako inaufikia.

Mtu wa Tukuyu, Kiwira au Isongole ana kipunji. Wa Makete na Mbeya Vijijini ana Kitulo, hifadhi ya taifa tangu 2005, ile tunayoiita Bustani ya Mungu, yenye aina 45 hivi za okidi zinazoota ardhini na ndege wa nyasi kama mbayuwayu wa buluu. Wa Mbarali ana ardhioevu ya Ihefu na mto Ruaha Mkuu. Wa Iringa, hasa Idodi, Pawaga na Tungamalenga, ana simba, tembo, mbwa mwitu na tai. Wa Mufindi ni jirani wa korongo la Kihansi, kwa yule chura wa rangi ya njano asiyezidi urefu wa kidole gumba, ambaye hatagi mayai kama vyura wengine. Anazaa vitoto vikiwa hai.

Chura huyo nimtaje zaidi kidogo, maana kuna watu wanaoniambia kwamba mnyama akishafika ukingoni hakuna la kufanya. Aligunduliwa 1996, akiishi kwenye manyunyu ya maporomoko, eneo la hekta chache tu. Bwawa la umeme lilipoanza kazi, maji mengi yaliyokuwa yakirusha manyunyu yale yakaelekezwa kwenye mitambo. Mwaka 2000 vyura 499 walichukuliwa kwenda kutunzwa Marekani. Huku nyuma waliobaki wakaisha, na 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Mwaka 2010 uzao wa wale waliokuwa ughaibuni ukarudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kuanzia 2012 wakaanza kuachiwa tena korongoni, chini ya manyunyu yanayotengenezwa kwa mabomba. Kazi ile haijaisha hata leo, na imegharimu mno kuliko ambavyo ingegharimu kumwachia maji yake mapema. Ila inafanyika.

Ukishachagua, nunua daftari la kawaida la shule. Ukurasa wa kwanza andika majina yake yote, ya Kiswahili na ya lugha ya nyumbani. Kurasa zinazofuata: anakula nini, anaonekana miezi gani, nani anamuua na kwa sababu gani. Sehemu hiyo ya mwisho usiijaze kwa kukisia. Itakupeleka kwenye hatua ya pili, ambayo kwangu ndiyo kubwa kuliko zote.

Hatua ya 2: Nenda ukakae na anayelipa gharama

Kuna mzee ambaye shamba lake limepakana na msitu, mita thelathini hivi kutoka mti wa mwisho. Nilimwendea Jumamosi moja mwezi wa nne, mahindi yakiwa yanabeba. Tulisalimiana, "Shikamoo tata," "Marahaba mwanangu," akanikaribisha kwenye gogo. Nikaanza kumweleza habari za kipunji, kwamba hapatikani kwingine, kwamba wageni wanatoka mbali kuja kumtafuta. Akanisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akaokota gunzi lililokuwa chini, limetafunwa upande mmoja tu na kutupwa, akaliweka mkononi mwangu.

"Wewe ukiwaona unafurahi," akasema. "Mimi nikiwaona nahesabu debe."

Gunzi lile lilikuwa bado na maziwa ya mahindi mabichi na alama za meno madogo, safi, kama yamepangwa kwa rula. Nililishika muda mrefu. Kila mwongozo wa uhifadhi usiopita kwenye shamba la mzee huyu utaishia kwenye mabango.

Siku ile sikumwomba aache mtego. Nilimuuliza wanaingia upande gani na saa ngapi. Haya ndiyo tuliyojaribu kwa misimu miwili, yeye akiongoza:

Tulibadilisha mpangilio wa shamba. Mahindi na maharage yakasogezwa karibu na nyumba, na ukanda unaogusana na msitu ukapandwa chai. Kima hali chai. Huko juu kwenye baridi zaidi, pareto inafanya kazi hiyohiyo, na ina soko.

Tulifyeka kichaka kilichokuwa kimeunganisha msitu na shamba, upande wa shamba tu, bila kugusa mti wa hifadhi. Kima anapenda kuingia amejificha. Ukimwachia uwanda wa wazi wa kukatiza, anasita.

Tulipanga zamu ya kulinda kati ya kaya tano, alfajiri na jioni, wiki zile sita ambazo mahindi yanawavuta. Kabla ya hapo kila kaya ilikuwa inamweka mtoto wake shambani peke yake na shule inamkosa. Mchango wangu mimi wa mjini ulikuwa kulipia vocha za simu na tochi mbili, na kulala kule Jumamosi mbili nikishika zamu. Hapo ndipo walipoanza kuniamini.

Hasara haikwisha, ilipungua. Mtego wa upande ule mzee aliutoa mwenyewe mwaka wa pili, bila mimi kuuliza.

Upande wa Iringa na Mbarali mambo ni mazito zaidi, kwa sababu tembo hasiti na simba hatafuni gunzi. Wakulima wanaopakana na njia za tembo wamekuwa wakizungushia shamba kamba za katani na vitambaa vilivyochovywa kwenye oili chafu iliyochanganywa na pilipili ya unga. Mvua ikinyesha unachovya upya. Pia kuna uzio wa mizinga: mizinga inaning'inizwa kila baada ya mita kumi hivi, ikiunganishwa kwa waya, tembo akiugusa nyuki wanatoka. Uzio huo unalipa pia kwa asali, ila unahitaji watu wanaokubali kuutunza, vinginevyo nyuki wanahama na zinabaki mbao. Kwa mifugo, boma la wavu wa chuma lililofungwa vizuri usiku linaokoa ng'ombe kuliko boma la miiba, na ng'ombe wakipona simba naye anapona.

Jambo moja ambalo wengi hawalijui, na wewe mwenye simu na muda unaweza kulisaidia: Serikali ina kanuni za kifuta jasho na kifuta machozi tangu 2011, kwa ajili ya mazao, mifugo na watu walioathiriwa na baadhi ya wanyamapori hatari. Malipo hayalingani na hasara, na yanachelewa. Lakini hayaji kabisa kama hakuna taarifa. Taarifa itolewe mapema kwa mtendaji wa kijiji na afisa wanyamapori wa wilaya, kabla nyayo hazijafutika na mvua, ili waje kukagua. Kaa na jirani yako, mpigie picha shamba, mjazie fomu kwa mwandiko unaosomeka, bakisha nakala. Nimeona mama mjane akisafiri mara tatu kwenda wilayani kwa sababu tu tarehe haikuandikwa.

Hatua ya 3: Angalia kapu lako

Nyamapori inaruhusiwa kuuzwa kwenye mabucha yenye leseni. Nyama inayokuja usiku kwenye ndoo, imefunikwa kwa majani ya mgomba, haina leseni, hata anayeiuza akiwa ndugu yako. Ukiinunua umelipia kitanzi kinachofuata. Kataa kwa upole, na usirudi siku ya pili kuuliza "ipo?"

Chikanda nayo inahitaji maelezo, maana watu wanadhani ni kiazi tu. Ni viazi vya okidi, vinachimbwa kwenye nyanda zetu na kuvushwa Tunduma kwenda Zambia, ambako vinasagwa na karanga na kupikwa mkate unaokatwa vipande. Watafiti waliofuatilia biashara hiyo mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikadiria kati ya viazi milioni 2.2 na milioni 4.1 kwa mwaka kutoka Nyanda za Juu Kusini peke yake. Ukichimba kiazi, ua lile halioti tena; mmea mzima umekwenda. Hizo takwimu zilichangia Kitulo kuwa hifadhi, ila wachimbaji walihamia nje ya mipaka. Ukiwa na ndugu anayechimba, mweleze kuhusu nyuki, pareto au viazi mviringo kabla hujamweleza kuhusu sheria.

Mtu akikuomba umkamatie kinyonga kwa malipo, mkatalie. Milima yetu ina vinyonga wasiopatikana kwingine, na Serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje mwaka 2016.

Hatua ya 4: Ukikuta kitanzi

Hapa nilikosea, na kosa langu lilimwumiza mtu mwingine.

Nilikuwa napandisha kijito juu ya shamba la mama mdogo, nje kidogo ya mpaka wa msitu. Niliona majani yamekatwa pande mbili za kijinjia, kama mtu kafagia mlango. Katikati, kwenye kimo cha goti la mbuzi, kulikuwa na duara la waya mwembamba, wa breki ya pikipiki, umepakwa matope usimete. Upande mmoja umefungwa kwenye kijiti kilichopindwa. Kwenye waya palikuwa na nywele chache za kijivu. Sikufikiri. Niliufungua, nikauviringisha, nikautia mfukoni, nikaenda nao moja kwa moja kwenye ofisi moja ya umma na kuuweka mezani.

Niliulizwa mbele ya watu waliokuwa kwenye benchi: jina, nimeutoa wapi, shamba la nani. Nikajibu yote. Kufikia jioni kijiji kizima kilijua, na waliolipa si mimi niliyepanda basi kurudi Mbeya. Mama mdogo alisusiwa kisimani karibu mwezi mzima. Tena waya wenyewe haukuwa ushahidi wa chochote, kwa kuwa niliushika na kuuondoa mahali pake.

Sasa nafanya hivi. Siugusi. Napiga picha mbili, moja ya karibu na moja inayoonyesha mazingira ili mtu apatambue. Naandika saa, tarehe na alama: mti gani, kijito gani, hatua ngapi kutoka njiani. Naondoka kwa njia niliyokuja nayo bila kuzunguka, kwa sababu kitanzi mara nyingi hakiwi kimoja na aliyetega anaweza kuwa karibu. Siingii ndani ya hifadhi bila kibali kwa kisingizio cha kutafuta mitego. Ukikutwa humo na waya mkononi utajieleza sana.

Kisha napiga simu badala ya kwenda kusimama kwenye benchi, na naanza kwa kusema sitaki jina langu liandikwe. Nani wa kupigiwa inategemea ardhi. Misitu ya hifadhi na hifadhi za mazingira asilia kama Mlima Rungwe iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Hifadhi za taifa kama Kitulo, Ruaha na Udzungwa ni za Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA. Mapori ya akiba ni ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA. Kwenye ardhi ya kijiji ni afisa wanyamapori wa wilaya, au kamati ya maliasili ya kijiji kama unawaamini wajumbe wake. Tafuta namba hizo leo ukiwa nyumbani umetulia, uzihifadhi. Kwa hatari ya papo hapo, kama watu wenye silaha, polisi ni 112. Mtu wa ofisi akikuomba chochote ili taarifa yako ishughulikiwe, TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ni 113.

Na kama mnyama bado yumo, yuko hai? Najua moyo unavyokwenda mbio. Usimsogelee. Paa aliyenaswa anaweza kujivunja shingo kwa hofu yako, na kima atakuuma, na kuumwa na mnyama wa porini ni safari ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Rudi nyuma asikuone, piga simu, zuia watoto na mbwa wasifike. Kazi ngumu ni kusubiri, na ndiyo hiyo unayopaswa kuifanya.

Hatua ya 5: Ukikutana na kakakuona, au bundi akitua kwenye bati lako

Usangu na sehemu nyingi za kwetu, kakakuona akionekana ni tukio. Wazee humwekea maji, unga, mundu na vinginevyo, watu wakazunguka waone atakwenda kwenye kipi: mvua, mavuno au vita. Siidharau mila hiyo. Imewafanya watu wamheshimu kwa miaka mingi, na mara nyingi aliachiwa arudi zake. Kinachomuua leo ni kwamba habari zikishaenea, anayekuja jioni hataki kujua mvua. Anataka magamba. Aina zote nane za kakakuona duniani zimezuiwa kwenye biashara ya kimataifa tangu uamuzi wa 2016, na nchini kukutwa naye au na magamba yake ni kosa la nyara za Serikali, ambalo watu wamefungwa kwalo miaka 20. "Nilimwokota tu" haikuokoi mahakamani.

Akiwa amejikunja, usijaribu kumkunjua, unamwumiza. Usimpe chakula, anakula sisimizi na mchwa na hutaweza kumlisha. Usimbebe kwenda nyumbani. Kama yuko mahali salama mwache, usiku ataondoka mwenyewe. Kama yuko barabarani au watu wameanza kujaa, simama karibu naye kumkinga jua, piga simu, na waombe wazee wakusaidie kuwatawanya watu. Wazee wanasikilizwa kuliko mimi na wewe.

Bundi ni kesi ya peke yake. Kwetu akilia juu ya nyumba watu wanasema kuna mtu atafuatwa, na anapigwa mawe mpaka afe. Sitabishana na huzuni ya mtu aliyefiwa. Ninachofanya ni kuonyesha vile vidonge vya manyoya na mifupa anavyotapika bundi chini ya mti anapolala. Vunja kimoja mbele ya watoto kwa kijiti: ndani mna mafuvu ya panya, mawili, wakati mwingine matatu. Mama mmoja aliyekuwa anapoteza mahindi ghalani aliyahesabu yale mafuvu kwa kidole, kisha akanyamaza. Na kama unaweka sumu ya panya, zika panya waliokufa, kwa sababu bundi akimla panya mwenye sumu naye anakwenda.

Sumu ya aina nyingine ndiyo inayomaliza tai upande wa Ruaha. Mfugaji aliyeuliwa ng'ombe na simba anapaka dawa ya wadudu kwenye mzoga. Tai wanashuka kwa makumi kwenye mzoga mmoja. Tai mgongo mweupe, ambaye wengi wetu tulimzoea kama kuku, sasa yuko kwenye daraja la hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Kama unauza pembejeo, muulize mteja anayetaka dawa kali peke yake, bila kutaja zao, anaitakia nini. Ukisikia mzoga umepakwa, hiyo ni simu ya haraka kuliko zote: kila saa inayopita ndege wanaongezeka.

Hatua ya 6: Simu yako inaweza kusaidia au kuponza

Programu ya iNaturalist inapokea picha za viumbe wowote na watu wanaojua wanakusaidia kumtambua. Ya ndege ni eBird. Kumbukumbu ndogo za mtu mmoja, zikikusanywa miaka kumi, zinaonyesha nani amepungua. iNaturalist huficha mahali halisi pa viumbe wengi walio hatarini. Stetasi yako ya WhatsApp haifichi. Usitaje kijiji, usipige picha inayoonyesha kilima kinachojulikana, na kama ni kakakuona au okidi adimu, usirushe kabisa mpaka zipite wiki kadhaa.

Hatua ya 7: Kama unalima mpunga Usangu, hii ni yako

Mto Ruaha Mkuu, unaokwenda kunywesha tembo, viboko, mamba na mbwa mwitu wa Hifadhi ya Ruaha, ulikauka kabisa wakati wa kiangazi kwa mara ya kwanza mwaka 1993, na umekuwa ukikauka karibu kila mwaka tangu hapo. Sababu ni nyingi na si mkulima mdogo peke yake. Lakini kuna maji yanayopotea bila kumfaidi mtu: mifereji inayoachwa wazi baada ya mavuno, maji yakisambaa kwenye majaruba matupu mwezi wa nane.

Kwenye jumuiya yenu ya watumia maji, pendekezeni tarehe ya kufunga milango ya mifereji baada ya kuvuna, na mtu wa kuikagua. Jaribu kilimo shadidi kwenye jaruba moja kwanza: miche michanga ya siku 8 hadi 12, mche mmoja kila shimo, nafasi ya sentimita 25 kwa 25, na jaruba linamwagiwa maji kisha linaachwa likauke kidogo kabla ya kumwagiwa tena, badala ya kulifurika muda wote. Palizi inaongezeka, hilo nalisema wazi. Mbegu na maji yanapungua sana, na mche unatoa machipukizi mengi. Jirani akiona jaruba lako hutahitaji kumhubiria.

Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka chanzo cha maji zisiguswe. Panda mkuyu au mti mwingine wa asili kwenye chemchemi, usipande mikaratusi. Na tafadhali, msipeleke miche kwenye nyasi za asili za Kitulo au Mufindi kwa nia njema. Nyasi zile si pori tupu. Ndiyo nyumba ya okidi na ya mbayuwayu wa buluu, na msonobari ukikua hapo wote wawili wanaondoka.

Mengine kwa kifupi

Ukiwa na fedha kidogo, toa kidogo kila mwezi kwa kundi moja unaloweza kutembelea kazi yake, kuliko kutoa nyingi mara moja kwa usilolijua. Ukiwa mwalimu, anzisha klabu; mtandao wa klabu za mazingira wa Roots & Shoots ilianza Dar es Salaam mwaka 1991 na wanafunzi 12 tu, kwenye baraza ya Jane Goodall, mtafiti wa sokwe. Ukisafiri kwenda Dar, ukifika Mikumi mwambie dereva apunguze mwendo, hata abiria wengine wakikuguna. Na mara moja kwa mwaka lipa kiingilio uingie Kitulo au Ruaha na watoto. Kiingilio cha Mtanzania ni kidogo mno ukilinganisha na cha mgeni. Kitulo nenda kati ya Desemba na Aprili, beba sweta na buti.

Jambo la mwisho lina tarehe. Kuanzia Agosti nyasi zinakauka, na Septemba na Oktoba moto kichaa unapanda kutoka mashambani hadi msituni. Mwaka huu kijijini kwetu tumekubaliana kulima barabara ya moto, yaani ukanda mtupu wa kuzuia moto usivuke, wa mita nne upande wa juu wa mashamba yote kabla mtu yeyote hajaandaa shamba, na atakayechoma lazima awaite majirani wawili wasimame na matawi mabichi na ndoo za maji, asubuhi kabla ya upepo. Mzee wa lile gunzi ndiye aliyechaguliwa kushika daftari la nani anachoma lini. Jumamosi ya kwanza ya Agosti tunaanza kwake, saa kumi na mbili na nusu. Nimeshanunua majembe mawili ya ziada, kwa ajili ya atakayekuja bila jembe.